Shoka la Mjomba na Sindano ya Dira

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilikuwa siku isiyo na jua. Mvua za kwanza zilikuwa zinajikusanya kwetu Mitundu, mawingu yametanda kila upande, na mtu akiinua macho hakuweza kusema kama ni asubuhi au alasiri.

Utanisamehe nikienda polepole. Niliishia darasa la nne, enzi za Mwingereza, na kalamu yangu haijazoea kukimbia. Lakini haraka haraka haina baraka, na jambo hili sitaki likuponyoke.

Tulikuwa watatu vichakani, tumekwenda kurina asali. Mwenye mizinga alikuwa mjomba wangu Msengi, kaka wa mama yangu. Mwenzake alikuwa Njiku, mtani wake tangu ujana, mtu asiyeweza kunyamaza hata usingizini. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilikwisha kuota ndevu, lakini mbele ya wakubwa sauti yangu ilikuwa bado inapotelea kooni.

Vichaka vya kwetu unavijua. Miti si mirefu, ila imeshikana kama nywele zisizochanwa. Huoni kilima wala bonde, na maji hakuna. Wazee walifuata jua. Siku ile jua halikuwapo, kibuyu chetu cha maji kilikaribia kuisha, na nyuki walikuwa wamemuuma Njiku usoni mpaka jicho moja likafungika. Alikuwa ameanza kutetemeka. Ilibidi tumfikishe nyumbani mapema, na nyumbani kulikuwa mashariki.

Mjomba akatoa dira. Alirudi nayo kutoka vita vya Burma, kikopo cha shaba chenye kioo, na ndani yake sindano inayocheza. Miaka yote aliitoa kuwaonyesha wageni tu, kwa kuwa jua lilimtosha. Siku ile aliitegemea. Aliishika karibu na kifua, akaitazama, akasema, "Huku." Tukafuata. Mbele kidogo akaitazama tena, akasema, "Huku." Tukafuata. Mwisho tukatokea penye mzinga wetu wenyewe, ule tuliotoka kuurina, harufu ya moshi wetu bado ipo.

Njiku akakaa chini. "Msengi, hiyo saa yako inatafuta njia ya Burma. Iambie vita vimekwisha."

"Nyamaza, mtani. Nyuki wamekuuma uso wakausahau mdomo."

"Mdomo waliuogopa."

Wakacheka, lakini mjomba hakucheka sana. Alikitikisa kibuyu karibu na sikio, akampa Njiku. Yeye hakunywa. Akaiinua dira tena, akageuka huku na huku. Hapo ndipo nilipoona jambo: kila mjomba alipogeuka, sindano iligeuka pamoja naye.

Nikurudishe nyuma kidogo, uelewe kwa nini jambo hilo lilinishtua. Nilipokuwa shule, Mwalimu Eliasi aliiazima dira hiyo hiyo kwa mjomba. Akaiweka mezani, akatuambia tuizunguke tukiitazama. Tukaizunguka.

"Mmezunguka ninyi," akasema. "Sindano imebaki palepale. Dunia yote ni sumaku kubwa, na sindano hii ni sumaku ndogo. Ndogo inaitii kubwa."

Kisha akachukua sumaku yake, akaifunika kwa karatasi, akanyunyiza juu yake ule mchanga mweusi wenye chembe za chuma ambao mvua huuacha makorongoni. Akaigonga karatasi kwa kidole. Mchanga ukajipanga wenyewe, mistari inayopinda kutoka ncha moja kwenda ncha ya pili, kama nywele zilizosukwa. Nilitazama mpaka nikasahau kuona haya.

"Huu ndio uwanja wa sumaku," akasema. "Hamuuoni, lakini upo. Na ukiingia uwanja wa mtu, unafuata taratibu za mwenye uwanja. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukisogea mbali, nguvu yake inalegea."

Halafu akafanya lile linalonishangaza hadi leo. Alinyoosha waya juu ya dira, na sindano haikujali. Akaunganisha waya na betri za tochi, sindano ikaruka upande. Akatenganisha, ikarudi. Akauzungushia waya huo msumari, msumari ukaokota pini. Akakata umeme, pini zikaanguka. "Umeme ukitembea," alisema, "sumaku inazaliwa." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayewaeleza watoto wake siri ya ukoo. Walimu wengi walitufundisha kusoma. Yule alitufundisha kustaajabu.

Basi pale kichakani nikajiuliza: sindano imeingia uwanja wa nani? Nikaliona shoka.

Mrina asali wa kwetu, akiwa porini, halazi shoka chini. Wazee walisema ukililaza, umeuambia msitu kwamba umechoka. Kwa hiyo hulining'iniza begani, chuma kikiwa kifuani, hata akila, hata akisali. Na dira nayo mjomba aliishika hapo hapo kifuani, kiasi cha kiganja tu kutoka kwenye chuma. Sindano haikuwa na kosa. Ilikuwa inamwamkia mkubwa aliye karibu.

Nimwambieje? "Umekosea" si neno la kutoka kinywani mwa mpwa. Kumwambia alaze shoka chini kungekuwa kubaya zaidi. Lakini Njiku alikuwa ameacha kutania, na ukimya wa Njiku ulinitisha kuliko hasira ya mjomba.

"Mjomba," nikasema, "umelibeba tangu alfajiri. Naomba nikupokee shoka."

Kumpokea mkubwa mzigo ni adabu, naye hana sababu ya kukataa. Akanipa. Nikarudi nyuma nalo taratibu mpaka miiba ikanishika mgongoni.

Sindano ikayumba, ikazunguka, ikatulia upande mwingine kabisa.

Mjomba akageuka kulia. Sindano ikabaki palepale. Akageuka kushoto, ikabaki. Akanitazama, akalitazama shoka.

"Hebu njoo," akasema. Nikasogea, sindano ikaligeukia shoka. "Rudi." Nikarudi, nayo ikarudi. Akaniita tena na kunirudisha tena, macho yanang'aa, mpaka Njiku akasema kwa udhaifu, "Mkimaliza ngoma yenu mnijulishe. Mimi nakufa."

Tukaondoka, mjomba mbele na dira, Njiku kati, mimi nyuma na shoka. Njia nzima mjomba alinitaka nimweleze: mchanga, waya, msumari, yote. Mtu aliyevuka bahari na kurudi, mwenye mizinga mingi kuliko wote Mitundu, alinisikiliza mimi bila kunikatiza. Sijawahi kuona ukubwa kama ule.

Nilipomaliza akasema, "Mpwa wangu, umelizungusha jambo kwa adabu. Vizuri. Na kama ningekunyima shoka?"

Nikalihamishia shoka bega la pili.

"Ungesema. Heshima si utumwa. Mtu anayetaka kufika nyumbani hachagui mdomo wa kumwonyesha njia."

Tuliposikia kengele za ng'ombe, kibuyu kilikuwa kikavu. Njiku alipona, akawa anamwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba shoka la Msengi linaroga dira. Mjomba hakubishana naye. Lakini tangu hapo, kabla ya kuitazama dira, alilitundika shoka mtini, akaliacha hapo na kusogea mbali kwanza. Mwiko wa wazee hakuuvunja, na njia hakuipoteza.

Mwanangu, dunia hutuita kwa sauti ndogo isiyokoma. Shoka huita kwa nguvu kwa sababu liko karibu. Siku unapotaka kuamua jambo kubwa, usianze kwa kuilaumu sindano yako. Tazama kwanza nini kimening'inia kifuani: hasira, sifa, au rafiki asiyekutoka ubavuni. Kisogeze mbali, ndipo uulize njia. Na ukiona mkubwa wako anapotea, tafuta neno lenye adabu, lakini ulitoe.

Mungu akujalie moyo wa kustaajabu. Na siku utakapokosa jua, akupe sindano iliyotulia, na mtu wa kukupokea shoka.