Futa Mpaka Mwisho

Msumeno ulifika Garissa wiki moja baada ya mazishi. Mume wangu alikuwa ameuagiza Nairobi kabla hajaugua, na aliyeuleta hakuwa na habari. Alisimama langoni na boksi begani, akauliza fundi yuko wapi amkabidhi mwenyewe. Nikamwambia ameondoka. Akasema basi atamngoja. Ikabidi nimwambie tena, wazi.

Nilisukuma boksi chini ya kitanda nikaendelea kukaa eda. Karakana iko nyuma ya nyumba yetu hapa mtaa wa Iftin, hatua chache kutoka jikoni, lakini kwa miezi minne na siku kumi sikuikanyaga. Majirani walisema nina heshima. Haikuwa heshima, ulikuwa woga, maana ndani mle mlikuwa na plaiwudi moja ambayo sikutaka kuiona.

Eda ilipokwisha, asubuhi iliyofuata nilivaa dera langu la kazi, lile lenye madoa ya vanishi, nikalifungua lile boksi.

Sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Yeye alikuwa akipima na kukata, mimi nikipiga msasa na vanishi. Alikuwa Msomali wa hapahapa, mimi Mpokomo wa Hola, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo mimi nilikua nayo tangu utoto na yeye aliiokota sokoni na shuleni. Kisomali hakina p wala v, kwa hiyo kwake pilipili ilikuwa bilibili, na viazi vilikuwa fiazi. Nilimtania kwa miaka kumi na tisa. Naye alikuwa akinijibu, "Na wewe ukiongea Kisomali, hata mbuzi inakimbia."

Nilianza na betri. Stima ilikatika mara mbili kabla hazijajaa, na hiyo ndiyo sababu alitaka msumeno usio na waya. Kitabu cha maelezo kilikuwa na lugha nyingi ila si yangu, nikafuata picha. Usiguse diski ya kukatia kabla ya kuchomoa betri. Nilikaza skrubu ya diski kwa ile spana ndogo iliyopinda. Nikaunganisha vipande viwili vya reli, ile njia ya alumini ambayo msumeno huteleza juu yake, nikaweka rula ya chuma kwenye kiungo kuhakikisha havijapinda. Nilipoukalisha msumeno juu ya reli ukacheza kidogo, kushoto na kulia, kama jino bovu. Chini yake kuna vifundo viwili vya kurekebisha. Nilivizungusha taratibu mpaka ukateleza bila kucheza na bila kukwama. Mwisho nikapanga kina cha diski, kizidi unene wa mbao kidogo tu.

Ukingoni mwa reli kuna mkanda wa mpira uliotokeza. Msumeno ukipita mara ya kwanza unaukata mkanda huo, na tangu hapo ukingo wa mpira ndio njia ya diski. Unalaza mpira kwenye mstari wa penseli, basi, huwezi kukosea. Mume wangu alinieleza hayo kwa furaha mpaka chai yake ikapoa. "Mara ya kwanza nabitisha mimi," alisema. "Baada ya hapo hata wewe."

Mara ya kwanza nikapitisha mimi. Nililaza reli juu ya mbao chakavu, nikamwomba radhi kwa sauti, nikasukuma. Mpira ukatoka utepe mmoja mrefu, haukukatika popote. Kusema kweli nilifurahi, na papo hapo furaha hiyo ikaniuma, kwa sababu haikuwa yangu.

Ikabaki plaiwudi. Ilikuwa ya kitanda cha mama yake. Mama mkwe alikuja kwetu kutoka Sangailu baada ya ukame kumaliza mifugo yao, na maisha yake yote alikuwa amelalia ngozi na mikeka. Mwanawe aliapa kumtengenezea kitanda kipana, na kazi ya kwanza ya msumeno mpya ingekuwa hiyo. Alipima, akaanza kuchora mstari. Rula ilikuwa fupi, mstari ukafika katikati, na hapo maumivu ya tumbo yakamshika. Aliegemea ukuta huku penseli ingali mkononi. Jioni hiyo tukampeleka hospitali.

Siku ya tatu alinipigia simu. Mimi nilikuwa nyumbani na watoto, mama yake ndiye aliyekuwa kando ya kitanda chake. Sauti ilikuwa ndogo. "Ile mstari ya kitanda," alisema, "futa mbaka mwisho." Nikamjibu sawa. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani amegundua alikosea vipimo. Nikachukua msasa nikaufuta, mpaka mwisho kama alivyosema. Kesho yake alfajiri akafariki.

Nilikuwa ndani ya eda, nachambua mchele, ndipo maneno yale yaliponijia sawasawa. Vuta. Alitaka niuvute mstari mpaka mwisho wa ubao, umalizike, msumeno ukija yeye akute kazi iko tayari. Maana alidhani anarudi. Miaka kumi na tisa nilimsikia hata alipokosea, na siku ile moja nikashindwa. Niliacha mchele nikalia hadi nikaishiwa pumzi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nikailaza plaiwudi chini, nikapiga magoti, nikaitazama kwa upande ili mwanga uoneshe walau alama ya penseli. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimesugua vizuri, na yeye ndiye aliyenifundisha kusugua. Nikapima upya kwa mkeka wa mama mkwe, nikaweka nukta mbili za kubahatisha.

Mama mkwe akatoka nyumbani akipapasa ukuta, akaja karakanani. Macho yake yameingia ukungu wa uzee. Akaketi kwenye kigogo karibu nami.

"Mstari yake iko wabi?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia miezi minne. "Hooyo," nikamwambia, na hooyo ni mama, "nisamehe. Niliufuta."

"Ndiyo," akasema.

"Nilikosea. Yeye alisema kuvuta, mimi nikafuta."

"Ndiyo, kufuta. Mimi nilikaa hapo karibu, nilisikia kwa sikio yangu. Alisema futa mbaka mwisho, na wewe umefuta." Kwake neno lilikuwa moja; alichosikia ni kwamba niliuvuta. Akanishika bega. "Kazi yake ya mwisho umefanya fizuri. Allah akulibe kheri."

Nilianza kumweleza tena, nikaacha. Alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona tangu mazishi.

"Bitishe mkono yangu," akasema, akininyooshea kidole. "Nataka kushika mahali mtoto alichora."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye ubao mtupu, nikakipeleka polepole kutoka ukingo huu hadi ule.