Benigna wa Hamugembe, Aliyegawa Kaburi Lake

“Mtoeni!” Philbert alifoka, jembe mkononi. “Nimesema mtoeni huyo mtu. Hapo ni pa mama.”

Wachimbaji wanne walirudi nyuma. Kijijini Izigo hakuna aliyewahi kusikia neno kama hilo: mtu aliyelala ardhini karibu miaka minane afukuliwe kama muhogo. Joanitha, dada yake Philbert, alimsogelea. Jeneza la mama yao lilikuwa ndani, juu ya nyasi mbichi, na padre alikuwa ameshavaa.

“Philbert, una akili wewe?”

“Ninazo. Mke hulala kando ya mume. Huyo msukuma mkokoteni apelekwe kwao.”

“Kwao ni wapi?”

“Hata nyinyi hamjui! Ndiyo shida yenyewe.”

Ili ugomvi huo ueleweke, sharti yajulikane maisha ya marehemu mama yao.

Benigna Kemilembe alizaliwa mwaka 1951 huko Nshamba, wilayani Muleba, mtoto wa tano wa wakulima wa kahawa. Mwaka 1972 aliolewa na Kaijage wa Izigo, na mwaka 1994 akafiwa naye. Siku ya mazishi wazee walifuata desturi: kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni cha ukoo, wa juu ya ardhi na wa chini yake. Wakamwonyesha mjane nafasi yake, kushoto kwa mumewe. Kulia wakamwonyesha Philbert, mtoto wa kiume pekee, aliyekuwa na miaka sita. Mgeni hana nafasi humo.

Mwaka uliofuata Benigna alihamia Bukoba mjini na wanawe, akawa anauza ndizi sokoni. Alipata nyumba ya tofali za udongo huko Hamugembe, na vyumba vilivyobaki akawapa watu ambao wenye nyumba wengine waliwafungia mlango: wapasua kuni, mama mmoja kiziwi, wabeba mizigo wa sokoni. Mwaka 1997 mpangaji wake mmoja alikufa kwa ugonjwa ambao siku hizo ulitutia hofu hata kuutaja. Ndugu zake walifika, wakasimama uani, wakaondoka. Maiti ilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Benigna akachemsha maji, akaiosha peke yake. Miaka mingi baadaye Joanitha alimuuliza kama siku ile aliitwa na sauti.

“Sauti gani?” alijibu. “Niliona inzi.”

Tangu hapo aliosha wafu wote wa Hamugembe wasio na mtu. Jirani yake Mwajuma, Mwislamu, alimsaidia baada ya kumwekea sharti: “Ma Benigna, wa kwenu osha wewe, wa kwetu niachie, usije ukawachanganya mbele ya Mungu.” Wakacheka, wakafanya kazi hiyo pamoja miaka ishirini na saba. Sokoni watu waliacha kununua ndizi zake, wakisema mikono yake ina mauti. Hata katika jumuiya yetu ya Kanisa walikuwapo waliosukuma sahani aliyopakua yeye. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Mwanzoni mwa Septemba 2016 alikufa Onesphory, msukuma mkokoteni, mpangaji wake. Hakuna aliyejua kijiji chake. Benigna alikataa azikwe kama mzigo usio na mwenyewe, akapeleka habari kwa wazee wa Izigo. Walimjibu kwamba ardhi ya ukoo haina nafasi ya mtu asiyejulikana.

“Yangu si mlishanipa?” aliwauliza. “Basi mlazeni pale.”

Wazee wakakubali, kwa kuwa nafasi ilikuwa yake kweli.

Jumamosi tarehe 10 aliwatoa wapangaji wote vyumbani, watu tisa, waende kumsindikiza mwenzao. Philbert, aliyekuwa mlinzi wa usiku, alikuwa amelala fofofo. Mama yake alimvuta blanketi. “Amka ukabebe.” Alikwenda amenuna. Alasiri, wakiwa kaburini, ardhi ilitikisika. Waliporudi Hamugembe waliikuta nyumba imelala chini yote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani.

Benigna alifariki tarehe 6 Juni 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda lisimtangaze. Lakini leo wanajumuiya wa Hamugembe wanaosha wafu kwa zamu, na waliosukuma sahani wamo. Anayetaka kumwiga asingoje sauti. Achemshe maji.

Siku ile Izigo, hata hivyo, mwanawe mwenyewe alikuwa ameinua jembe juu ya kaburi la Onesphory. Mwajuma ndiye aliyepita katikati ya wanaume.

“Philbert mwanangu, siku ya tetemeko, saa tisa na nusu, ulikuwa wapi?”

Philbert hakushusha jembe.

“Nikukumbushe? Ulikuwa hapo hapo uliposimama, umeshika kamba ya jeneza la huyu huyu, mdomo umeuvuta mpaka hapa. Mimi ndiye niliyefukua mto wako chini ya ukuta. Ulikuwa bapa kama chapati.”

Jembe lilishuka polepole. Philbert alilitazama kaburi lile kana kwamba limemwita kwa jina.

“Dada,” alisema mwishowe, “mama alisema alazwe wapi?”

“Alisema, ‘Pangu nilishatoa. Nyinyi tafuteni.’”

Philbert alivua koti, akamkabidhi Mwajuma. Akazunguka kaburi la baba yake hadi upande wa kulia, akasimama kwenye nafasi aliyoonyeshwa akiwa na miaka sita.

“Chimbeni hapa,” aliwaambia wachimbaji. “Hapa ni pangu.”

Akapiga jembe la kwanza mwenyewe.