Milioni Moja na Tatu

Mtaani walimwita Kitana, kwa kuwa hata akienda sokoni kitana kilikuwa kimechomekwa kichwani. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoijenga yeye na mumewe: viti viwili, kioo chenye ufa, na ukuta mweusi alioandikia mitindo kwa chaki. Ndoa ilikuwa imekomaa bila mtoto, na wifi yake hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Msibani, ndugu wote wakisikia, alimwita tasa.

Neno lilimkaa Kitana kama mwiba wa samaki kooni. Lilimrudisha shuleni, kwa mwalimu wa hesabu aliyewafundisha kuwa namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mwalimu aliwatajia kubwa mojawapo, milioni moja na tatu, nao wakaicheka kwa jina hilo la tasa. Kitana naye alicheka.

Kesho yake akafuta mitindo yote ukutani, akaanza kuigawanya namba ile. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa saba, ikabaki nne. Kumi na moja, nne tena. Kumi na tatu, nne vilevile, hata akadhani amekosea akarudia. Wateja walimwona msusi wao ameanza kurukwa na akili. Mmoja, kichwa nusu kimesukwa, alimwambia simu ingemjibu kabla hajapepesa jicho.

"Simu inajua," Kitana alisema. "Nataka nijue mimi."

Hakuhitaji kuvuka elfu moja, kwani namba mbili zote zikizidi elfu, zikizidishwa zinaipita ile aliyoitafuta. Kama ina kigawo, kimojawapo lazima kiwe chini, na kujaribu zilizo tasa tu kulitosha, kwani nyingine hujengwa kwa hizo. Alijaza ukuta, akafuta, akajaza tena, vidole vikawa vyeupe kwa chaki na kunuka mafuta ya nywele.

Alikuwa amebakiza namba moja wifi alipoingia bila hodi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaeleza kwamba kaka yake anaoa mwanamke wa kumzalia, na kwamba wameona Kitana ahamie chumba cha uani, saluni iwe sebule ya bi harusi. Alisema kwa upole, kama anayempa mtu dawa.

Kitana aligawanya kwa mia tisa tisini na saba. Ikabaki kumi na mbili. Akaweka chaki chini.

"Wifi, kaka yako aoe, simzuii. Lakini matofali ya nyumba hii niliyabeba kichwani. Sihami, na nyumba hii haigawanyiki."

"Utakaa humu na nani, tasa wewe?"

"Na mimi mwenyewe. Sasa kama hutaki kusukwa, nipishe kiti, wateja wanakuja."

Wifi alitoka amevimba. Wazee walimwita Kitana mara kadhaa. Alikwenda, akawasalimu kwa adabu zote, akawarudishia jibu lilelile. Mwishowe mume alimpangia bi harusi nyumba mtaa wa pili. Kitana alilia siku ile, haikufichika. Jioni akapaka ukuta rangi upya, na juu ya mlango, upande wa barabarani, akaandika jina jipya la saluni kwa herufi kubwa: TASA.