Fundi wa Simu Aliyeanza na Simu Yake

Saa tatu asubuhi. Fundi ameinamia simu iliyopasuka kioo, bisibisi nyembamba kama sindano mkononi. Mbele ya kibanda chake amesimama baba mmoja, amefura kwa hasira.

"Mama fundi, hii ya mwanangu nifungie kabisa. Asifungue chochote!"

"Nikiifunga leo, kesho ataifungua. Hawa watoto wametuzidi ujanja," anajibu bila kuinua kichwa. "Mmeshaongea lakini, wewe na yeye?"

Baba anakohoa. Hawajaongea. Wamegombana tu.

Fundi anamsogezea kigoda. Kwa miaka kumi na moja wateja wamemwita Daktari, ila mganga hajigangi. Mwaka jana mgonjwa alikuwa nyumbani kwake.

Binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tatu, alianza kusinzia darasani kwa kukesha na simu. Mwalimu akapiga simu.

"Nilimnyang'anya simu nikaifungia kabatini. Nikajua nimemaliza kazi," anasimulia fundi.

Siku ya nne, akitandika kitanda cha binti, aliona soksi ya shule imetuna. Ndani mlikuwa na simu aliyoitupa mwenyewe kwenye boksi la vyuma chakavu. Binti alikuwa ameifufua.

"Nilipandwa na hasira. Halafu nikaifungua. Kazi safi! Waya zimeungwa vizuri kuliko ninavyounga mimi."

Alipomuuliza sababu, mtoto hakulia.

"Mama, ukila, unashika simu za watu. Nikikusimulia ya shule unaitikia 'ehee' bila kunitazama. Nikaona bora niongee na wenzangu humo humo."

Fundi anaweka bisibisi chini. "Yalinichoma. Nilitaka kumkaripia, mdomo ukakataa. Nikamwambia, mwanangu, umesema kweli."

Jioni ile alimrudishia simu yake, wakaandika masharti nyuma ya daftari la hesabu. Simu hazifiki mezani wakati wa chakula. Ikifika saa mbili usiku, zote mbili zinalala sebuleni juu ya kabati la vyombo. Atakayevunja, ataosha vyombo siku tatu.

"Wa kwanza kuosha nilikuwa mimi," anasema na kuangua kicheko. "Mteja alipiga, mkono ukanitangulia."

Haikuwa mteremko. Binti alinuna wiki nzima, na fundi alipoteza wateja wawili waliozoea kumpigia usiku. Lakini taratibu mazungumzo yalirudi mezani, na usingizi ukahama darasani. Siku hizi, kila Jumamosi, binti huketi kibandani akijifunza kuunga waya, safari hii kwa ruhusa.

Baba yule anaondoka na simu ya mwanawe, haijafungwa. "Ngoja nikaongee naye," anasema.

Mwalimu amemwomba fundi mwisho wa mwezi huu azungumze na wazazi wa darasa la saba. Hajawahi kusimama mbele ya watu, na hofu anayo. Binti ameomba wasimame wote wawili.

"Nilimwonya kwamba wazazi watakuwa wanachezea simu tukiongea," anasema fundi, macho yakimng'aa. "Akaniambia, 'Basi mama, tuanze na wao.'"