Mpokeaji Kwanza

Kwa miaka sita nilifundisha Dakawa, na kila baada ya mavuno nilimtumia mama gunia la mchele kwa basi, hadi Bigwa, ninakoishi naye sasa. Gunia la kusafiri lina adabu yake. Juu kabisa, kwa kalamu ya wino mzito, unaandika anayepokea: jina lake, namba ya simu na mahali mzigo unaposhuka. Chini yake, kwa herufi ndogo, unajiandika wewe mtumaji. Sikuwahi kukosea mpangilio huo hata mara moja. Naanza na magunia kwa sababu ndiyo yaliyokaribia kuniulia sauti ya mama.

Mama hana sauti tena. Mwaka juzi alipata uvimbe kooni, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba ili apone, kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote. Tulipewa wiki tatu za kujiandaa. Mimi nilizitumia kulia, mama alizitumia kusema. Kwetu Uluguru ardhi hupita kwa akina mama, na yeye peke yake ndiye aliyebaki akijua mashamba yetu kumi na moja ya mlimani yalitoka kwa mwanamke gani kwenda kwa nani, na mpaka wa kila moja unapita wapi. Kuandika hajui zaidi ya jina lake. Basi nilimwekea simu mbele yake, akawa anasema shamba moja kwa siku, huku akinigombeza kwa kuchezea kalamu badala ya kusikiliza. Zilipotimia rekodi kumi na moja alikwenda hospitali. Alirudi akipumua kwa tundu dogo shingoni, ambalo hulifunika kwa kipande cha khanga.

Rekodi nilizihamishia kwenye laptop yangu kuukuu, nikazifuta kwenye simu kwa kuwa ilikuwa imejaa. Laptop hiyo niliiwekea mfumo wa Linux, usioshambuliwa ovyo na virusi, kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi nilivyovizoa kwenye vibanda vya kuchapishia kule Mwembesongo. Tangu hapo nilikuwa na kiburi, nakiri. Walimu wenzangu walinitania kwamba kompyuta yangu ni ya jeshini, nami nikafurahi kweli. Kwa zaidi ya mwaka sikuweka nakala nyingine popote. Nilijiambia mashine yangu haiugui.

Kisha diski ikaanza kukwaruza.

Ilikuwa Jumatano ya likizo, saa saba mchana. Nilifungua akaunti ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, nikaweka programu ya kuyasawazisha, nikanunua bando ambalo lingekwisha saa kumi jioni. Saa kumi ndiyo pia saa ya mama. Kila siku akishaswali alasiri huja na kigoda chake kando ya meza yangu, akasikiliza rekodi moja. Midomo yake hucheza pamoja na sauti, na pale alipocheka kwenye rekodi, mabega hutikisika. Siku akikosa hulala mapema na hataki kuguswa.

Programu ile haina vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri, kisha unataja mahali pawili, nayo inahakikisha pa pili panafanana na pa kwanza. Kilichopungua pa pili inakiongeza, kilichozidi pa pili inakifuta. Maelekezo yalisema wazi kwamba unaweza kuijaribu kwanza bila kugusa faili lolote. Majaribio ni ya wanafunzi, nikajisemea, na bando linakimbia.

Mkono ukaandika kama ulivyozoea tangu Dakawa. Mpokeaji kwanza: hifadhi ya mtandaoni, iliyokuwa tupu. Mtumaji baadaye: folda ya mama. Programu ikamaliza kwa sekunde mbili, nami, mjinga wa watu, nikausifu mtandao kwa kasi. Kisha nikafungua folda.

Haikuwa na kitu. Nikaifunga, nikaifungua tena. Nikatazama kwenye pipa la taka la kompyuta, nalo halikuwa na kitu, kwa sababu kinachofutwa kwa amri ile hakipiti pipani. Programu ilikuwa imetii: pa kwanza ni patupu, basi na pa pili pawe patupu.

Kutoka jikoni mama akagonga. Tangu sauti imtoke huzungumza nami kwa mwiko na mfuniko wa sufuria. Mara mbili ni njoo, mara moja ni endelea. Aligonga mara mbili. Niliitikia "Nakuja, mama," nikabaki nimekaa.

Kitu kimoja nilikijua, na namshukuru Mungu nilikikumbuka. Faili likifutwa huondoka kwenye orodha tu. Lenyewe hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Nikakamata kitufe cha umeme nikakiminya mpaka mashine ikazimika. Nikaiwasha kwa kutumia flashi niliyowekea Linux zamani, ili diski isiandikwe chochote, nikashusha programu ya kufukua mafaili kwa bando lile lile. Nikachomeka flashi ya pili ya kupokelea. Safari hii nilisoma kila mstari mara tatu, kidole kikiwa kwenye kioo.

Ufukuaji ulikwenda kwa asilimia, polepole ajabu, na diski ilikwaruza kila dakika chache. Kila ikikwaruza nilishika meza. Mama aliniletea ugali na maharage, akanitazama usoni, akaondoka. Ugali ukapoa. Adhana ikaita, na asilimia zilikuwa sitini na moja.

Saa kumi akaja na kigoda chake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: mama, umeme umekatika. Lakini feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimezifuta sauti zako. Zote. Natafuta, sijui kama nitazipata."

Hakulia. Alinitazama muda mrefu, pumzi ikipita chini ya khanga, mpaka nikatamani angekuwa na sauti ya kunitukana. Kisha akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Mara moja.

Mafaili yalirudi bila majina, namba tupu, mamia. Tukaanza kuyafungua moja moja. Wimbo wa harusi. Somo langu la jiografia. Mlio wa simu. Halafu: "Nimesema iache hiyo kalamu!" Mimi ndiye niliyelia. Mama aliinua vidole vinne, maana hilo lilikuwa shamba la nne, akanionyesha mahali pa kuandika. Tuliendelea hivyo mpaka kesho yake mchana, na kumi tukazipata. Ya kumi na moja haikurudi. Lilikuwa shamba la juu kabisa, chini ya msitu, ambalo alisema kwenye rekodi hiyo kwamba ni langu.

Ijumaa asubuhi mfuniko uligongwa mara mbili. Nilimkuta mlangoni amevaa mabuti, jembe begani.

Tulipanda mlima taratibu, akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Alizunguka mpaka wote. Kwenye kila alama alipiga jembe, akanigeukia, akangoja niseme. Nikasema: kutoka jiwe hili hadi mkuyu ule. Nikikosea alipiga tena, kwa hasira. Kuhusu wanawake waliolilima kabla yake, alinionyesha makaburi kwa kidole, nami nikataja niliyemjua na kubahatisha nisiyemjua, mpaka aliporidhika. Simu ilikuwa mfukoni inarekodi.

Jioni niliandika amri upya, mtumaji kwanza, mpokeaji baadaye, nikaijaribu bila kugusa kitu, ndipo nikaituma. Rekodi kumi na moja zikapanda mtandaoni.

Kesho yake saa kumi alikuja na kigoda chake. Akaonyesha vidole kumi, kisha kimoja. Nikaifungua ile ya mlimani: jembe kwenye jiwe, pumzi yake, na mimi nikitaja mipaka. Mama akafumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza pamoja na sauti yangu.