Mama Turubai na Picha ya Mafuriko

Mama Turubai hashoni magauni. Anashona maturubai ya malori, na mshono wake haupitishi hata tone. Ndiyo maana mchoraji mmoja alimfuata: picha yake ya mafuriko ilitakiwa iwe kubwa kama ukuta wa ghala, na kitambaa cha upana huo hakipo. Basi akawa anaunga vipande, mchoraji anauliza hili na lile, na mkono ukizama kazini mdomo hulegea. Akamwaga siri ambayo yeye na mumewe walipanga kuzikwa nayo.

Mafuriko yalipoingia nyumbani mwao, mume alibeba cherehani akijua mke kamtoa mama mkwe. Mke alibeba watoto akijua mume kamtoa mama yake. Kikongwe akabaki chumbani. Ndugu wakaambiwa kaangukiwa na ukuta.

Siku ya uzinduzi wa picha, Mama Turubai na mumewe walienda na wifi yake. Soda ya bure nani anaikataa?

Picha imejaa watu: wanaolia, wanaosali, mmoja anaiba godoro. Na katikati, mwanaume kajitwika cherehani, kampa mgongo bibi aliyeshika nondo za dirisha.

Wifi akasogea karibu. "Kaka, hebu njoo. Huyu si mama, na kitambaa chake cha kijani?"

"Vitambaa vya kijani wanavyo wengi."

"Na cherehani kichwani wanazo wengi?"

Mchoraji akatokea, meno yote nje. "Jamani, huyu ndiye fundi wangu. Na kisa cha pale katikati kanisimulia yeye."

Watu wakapiga makofi. Bibi kafa maji, wao makofi.

Mume akamgeukia mkewe. "Tulikubaliana nini?"

"Nilikuwa nashona tu, baba. Maneno yakatoka."

"Na mimi nilikuwa nabeba cherehani tu."

"Mkaniambia ukuta," wifi akasema taratibu. "Mpaka leo kitanda changu kipo katikati ya chumba, nauogopa ukuta wenu."

Mama Turubai akamvuta mchoraji pembeni. "Mfute yule bibi, mwanangu. Au mpake hata shuka."

"Mama, bila yeye picha imekufa."

Alipogeuka, mume na wifi walishatoka, kila mmoja kwa mlango wake. Akabaki na vijana waliojipanga foleni kupiga selfi na mama mkwe wake.