Kona ya Kuvua Viatu

Faraji Shemboza ni mlinzi wa mlangoni katika jengo moja refu la The Pearl, Doha, na kwa miaka miwili alikuwa akiingoja likizo kama mfungaji anavyoingoja adhana ya magharibi. Ikakaribia. Siku hizo hizo madam mmoja, mpangaji wa jengo hilo, akarudi safarini ngozi imemwiva kwa jua, akamfungulia simu amwonyeshe picha. Alikuwa amepanda ndege hadi Tanzania ili atembee kwa miguu milima ya Usambara, aone barabara na majengo ya enzi ya Mjerumani.

Faraji nusura acheke. Kwao kutembea ni kukosa nauli! Lakini picha moja ilimfanya aisogelee simu. Ukuta wa mawe umeng'ang'ania ubavu wa mlima, na juu yake inapita barabara ile ile aliyoipita utoto wote akirudi nyumbani Soni, amelala fofofo kwenye basi. Ukuta wenyewe hakuwahi kuuona.

"Likizo hii napanda kwa miguu," akatangaza chumbani kwao, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

Mutai, dereva kutoka Kenya, aliangua kicheko. "Buda, mtu ametoka Gulf anafika kwao na miguu? Watajua umefutwa kazi. Chukua taxi, usiaibishe mathee."

Mutai hakukosea. Mtu wa Uarabuni hurudi na gari la kukodi, maboksi yamefungwa juu, honi inalia tangu bondeni. Mama yake Faraji alikuwa amejitapa miaka yote miwili, na majirani walishaahidiwa pilau. Heshima ya mama ilikuwa mikononi mwake, naye alilijua hilo. Hata hivyo, alipoteremka basi Mombo, chini ya mlima, aliyaacha maboksi kwa rafiki yaje kesho yake, akatupia kibegi begani na kuanza kupanda.

Jamani, mtu anaweza kukulia juu ya ajabu asiijue! Mashamba ya mkonge yalizidi kuzama nyuma yake, mistari imenyooka hadi macho yanachoka, na ubavuni mawe, mawe, mawe, kila moja limeshikana na mwenziwe tangu zama za Mjerumani. Kwenye kona moja alisimama akachungulia chini. Nani aliyabeba mawe haya? Kwa mikono ipi?

Alifika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Mama alimtazama, akatazama nyuma yake, gari hakuna. Akajifunika uso kwa kanga.

"Wamekufukuza, baba. Wamekufukuza mikono mitupu!"

Majirani waliokuja kula pilau wakaanza kuaga kwa sauti za msibani. Faraji aliapa, akaonyesha tiketi ya kurudi Doha, akaeleza habari za ukuta. Hapo mama akaacha kulia.

"Ukuta wa kona gani?"

Asubuhi, maboksi hayajafika bado, mama alivaa raba za marehemu mumewe, wakashuka wawili hao huku mtaa mzima unawatazama. Kwenye kona ile ile mama akavua raba.

"Babu yangu alikuwa akivua viatu hapa kila akipita, nami nikivua naye. Mjerumani aliwachukua kwa nguvu, yeye na kaka yake, kuja kupasua mawe. Jabali likaporomoka. Kaka yake hakutolewa. Walijenga juu yake."

Faraji akamgeukia. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Tulikuwa tunapita kwa basi, baba. Nawe ulikuwa umelala."

Faraji akavua viatu. Wakarudi nyumbani, na maboksi yalipowasili mchana akayafungua mama peke yake, huku majirani wakirudi mmoja mmoja.

Sasa yuko tena mlangoni The Pearl. Juzi madam alimuuliza likizo ilikuwaje, naye akamwomba amtumie ile picha ya ukuta. Ameihifadhi kwenye simu yake. Kabla ya kuifungua, huvua kwanza buti za kazi, chini ya meza.